Merikebu Kumi na Mbili za Onésime

Kwanza tuelewane: Onésime hakuwa mpenzi wa saa. Ile aliyotoka nayo Bukavu mwaka tisini na moja ilikuwa ya plastiki, ikakata roho ndani ya ndege, naye akaendelea kuivaa miaka minne ikiwa maiti, maana aliona haya kutembea na mkono mtupu. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuchora, mjini Brussels, nyuso za saa ambazo moja tu ingenunua nyumba ya vyumba vitatu kule Kadutu, mtaa wa kwao Bukavu, na bati juu, na choo nyuma. Dunia hii ina vituko, jamani.

Kazi yake ya asili ilikuwa mabango. Alijifunza kwa fundi Barnaba pale Kadutu, akachora vinyozi, maduka ya dawa na baa za kila namna, lakini zaidi ya vyote alichora mashua, kwa kuwa wenye mashua za Ziwa Kivu walikuwa wateja wasiobana mkono. Barnaba alikuwa mlevi wa kupindukia na hakuwa na sheria yoyote maishani ila moja: chombo kitupu hakitoki kwangu. Lazima awemo mtu, hata kichwa kimoja. Mashua inayoonekana ziwani bila watu, alisema, inajulikana ni ipi, ni ile waliyokwenda kuikokota baada ya dhoruba. Nani atakata tiketi ya hiyo? Onésime alichora mashua miaka kumi na sita, na hakuna hata moja iliyotoka mikononi mwake bila abiria.

Brussels alikuja kwa mafunzo ya kuchora ya mwaka mmoja. Nyumbani mambo yakaharibika, mwaka ukawa minne. Nyuma alimwacha mkewe Pétronille na watoto watatu, na wa nne tumboni, ambaye mpaka wakati huo alikuwa hajamtia machoni. Alisukuma mikokoteni, alisafisha ofisi za maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, alipaka rangi madirisha ya wasusi. Kibali chake mwenyewe cha kukaa alikipata. Lile faili la kuwaleta Pétronille na watoto nalo lilitembea kwa mwendo wa kinyonga, karatasi baada ya karatasi, mpaka majira ya machipuko ya mwaka tisini na tano ikabaki karatasi moja tu: mkataba wa kazi wa kudumu. Ionekane kabla ya mwisho wa Mei, au faili lifungwe na waanze upya. Kuanza upya! Miaka minne mingine! Hapo ndipo roho yake ilipokuwa, usiku na mchana.

Kazi aliipata kwa namna ya ajabu. Siku moja ya mvua alikuwa akiandika bei kwenye kioo cha msusi, mkono hewani bila kuegemea popote, mzee mmoja wa Kibelgiji akasimama nyuma yake na mwavuli, asiondoke. Baadaye akauliza: "Unaweza kuandika ndogo zaidi?" Onésime akauliza ndogo kiasi gani. Mzee akatoa mfukoni tiketi ya tramu iliyokwisha kazi. Onésime, kwa kuwa mvua ilikuwa imemchosha na alitaka aachwe, akaandika nyuma yake Baba Yetu nzima mpaka amina, na nafasi ikabaki. Mzee yule alikuwa Monsieur Lucien, mwenye karakana ya saa kwenye ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya Gare du Nord. Kesho yake Onésime alikuwa na kiti, taa, na miezi sita ya majaribio. Usiku ule alirudi chumbani kwake Berchem-Sainte-Agathe akiimba ndani ya tramu, watu wakamkodolea macho, asijali.

Karakana ilikuwa na watu wachache. Donat, mnene, mwenye masihara, aliangalia tanuri. Madame Imelda, Mflemi asiyecheka, kazi yake ilikuwa kukagua na kukataa: tangu asubuhi alibana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, na jioni alienda nyumbani na duara jekundu kulizunguka jicho hilo. Na kazi yenyewe si mchezo. Rangi ile ni unga wa kioo uliokorogwa kwa mafuta. Unaupaka kwa brashi yenye nywele nne juu ya kisahani kidogo kuliko kifuniko cha chupa, kisahani kinaingia tanurini kwenye moto wa digrii mia nane, kinatoka, kinapoa, unapaka tabaka jingine, kinarudi motoni. Mara sita. Kikipasuka mara ya sita, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Monsieur Lucien naye alikuwa na sheria yake, tena aliitoa siku ya kwanza: "Hapa tunachora kilicho kwenye karatasi. Hata nukta usiongeze." Onésime akaitikia ndiyo, Monsieur. Na aliitikia kwa moyo safi kabisa.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Tajiri mmoja wa meli wa Antwerp alitaka saa kumi na mbili zenye picha moja, kwa ajili ya wakubwa wenzake kumi na mmoja na yeye: ramani ya kale ya safari ya Wareno kuizunguka Afrika kwenda India, bahari ya buluu, na merikebu yenye matanga matatu ikikata Rasi ya Tumaini Jema. Mchoro aliuona, akautia sahihi. Wareno hao, nisamehe, walizunguka bara zima wakachora pwani, ndani wakaweka simba mmoja na mtende mmoja, basi. Watu wote wale, falme zote zile, simba mmoja! Onésime alimchora simba huyo mara kumi na mbili bila kununa, kwa sababu alikuwa anatafuta mkataba, si ugomvi. Monsieur Lucien alishamwambia: nyuso hizi zikipita, siku hiyohiyo tunatia sahihi.

Zilimchukua miezi miwili. Mwanzoni mwa Mei zikafika mezani kwa Madame Imelda. Akaitazama ya kwanza. Akaitazama ya pili. Ya tatu. Kisha akainua kichwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Karakana yote ikasogea. Monsieur Lucien akabana kioo jichoni. "Si vumbi?"

"Vumbi halivai shati jekundu," akasema Madame Imelda.

Onésime akainama juu ya meza. Kweli alikuwemo. Juu ya sitaha, karibu na mlingoti wa mbele, kichwa na shati, mkono mmoja umeinuliwa. Yumo kwenye zote kumi na mbili. Wala hakumweka kwa ujeuri. Mkono ulifika kwenye chombo, ukamweka mtu, ukaendelea na safari zake, kama vile mama anavyotia chumvi mboga za watoto bila kuulizwa. Mazoea yana taabu.

"Ni mtu, Monsieur," alisema. "Mmoja tu."

"Namwona. Kwenye mchoro yumo?"

"Hayumo."

"Sasa amepandia wapi?"

"Lisbon, labda," akachomekea Donat, na hakuna aliyecheka.

Onésime alijaribu kumweleza habari ya Barnaba na mashua na abiria. Kwa Kifaransa ilitoka vibaya, kama udhuru wa mtoto aliyevunja sahani. Monsieur Lucien alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Pale karakana, uso wa saa uliokataliwa hauuzwi wala hauwekwi kabatini, unavunjwa. Madame Imelda alitoa nyundo ndogo ya shaba, akazipanga nyuso juu ya kitambaa, akaanza. Onésime aliyahesabu mapigo yote kumi na mawili, na kila moja lilimpata kifuani.

Alikuwa tayari ameshachukua koti lake. Monsieur Lucien akamwita.

"Unakwenda wapi? Kaa. Wiki tatu na siku kadhaa, ndizo nilizoweza kumwomba mteja. Ijumaa ya tarehe ishirini na sita nataka kumi na mbili nyingine, kama mchoro. Nikimwona mtu juu ya sitaha, hata kichwa cha sindano, mkataba usahau."

Hakufukuzwa! Onésime aliteremka ngazi ghorofa tatu, akasimama uani, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Wiki tatu kwa kazi ya miezi miwili, haya, hatalala. Kwani kulala ni nini? Atazichora tupu, atie sahihi, Pétronille na watoto waje. Liwalo na liwe.

Jumapili alikwenda Gare du Midi kwenye duka la simu, kama alivyofanya kila alipopata sarafu za kutosha, ampigie Pétronille kwa jirani mwenye simu. Sauti ilikuja kwa mawimbi, ikimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Papa Noé, sikia. Tunahamia Goma kwa kaka Philbert, tutangojea kule. Ndege zinatokea kule, na yeye iko na nafasi mu nyumba."

"Ni muzuri. Mutaenda na nini?"

"Na mashua. Le quinze."

Le quinze. Tarehe kumi na tano. Onésime alijibu neno, hata mwenyewe hakusikia alijibu nini. Wiki hiyohiyo ya tarehe kumi na tano ndiyo aliyoipanga kuchora merikebu. Yaani mke wake na watoto wake wanne watakuwa juu ya maji ya Ziwa Kivu, na yeye huku ameketi chini ya taa anachora chombo kitupu, si kimoja, kumi na mbili! Utasema ni ushirikina. Onésime mwenyewe alijiambia hivyo, yeye mwana wa shemasi, aliyebatizwa na kuokoka. Jiambie unavyotaka. Wengine wetu hatupiti chini ya ngazi, na hatujui hata kwa nini.

Alitoka dukani akatembea ovyo katikati ya soko la Jumapili, kati ya zeituni na mazulia, mpaka akatokea upande wa mabasi yaendayo mbali. Palikuwa na basi moja linaelekea Moroko, limetulia, vioo vyake vyeusi tii. Ukilitazama kwa nje utaapa hamna mtu. Dereva akafungua mlango, na kutoka ndani zikafumuka kelele: watoto wanalia, wanawake wanacheka, redio, mtu anagombana kuhusu kiti. Limejaa pomoni! Mlango ukafungwa, likawa tupu tena.

Onésime alisimama palepale. Mwanamke mmoja akamgonga na kigari cha mboga, akamwomba radhi, asimsikie.

Jumatatu hiyo, tarehe nane, alianza. Bahari, pwani, simba, mtende, na chombo hajakigusa. Jumatatu iliyofuata, ile ya kumi na tano, alichukua brashi ya nywele nne akaitoa nywele mbili. Mahali ambapo tumbo la merikebu lingekuja kukaa, chini ya sitaha, kwenye kila uso alichora watu watano wameketi. Pétronille na kitambaa chake cha kijani. Noé, mkubwa, mrefu. Dan. Agape, aliyekuwa hajui kutulia. Na yule mdogo, Mignonne, aliyemjua kwa picha mbili na kwa pumzi zake kwenye simu, akampakata mapajani mwa mama. Wote watano hawakuzidi ukubwa wa punje ya mtama. Akapeleka visahani kwa Donat. Vikirudi kutoka motoni, atapaka ubao wa merikebu juu yao, kahawia nzito, tabaka juu ya tabaka, na kwenye sitaha hatakuwepo hata inzi.

Lakini Donat alijua kuhesabu. "Ngoja kidogo. Karatasi inasema moto mara sita. Ukitia huu, itakuwa saba. Huu si mkate, Onésime. Ukizidisha moto, unapasuka."

"Najua."

"Sasa wa saba ni wa nini?"

Onésime alitazama mlango, akampa kioo cha kukuzia. Donat alikaa nacho muda mrefu, tumbo limeegemea meza.

"Ni familia yako?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani huna mtu. Miezi yote hii unakula mkate na sardini peke yako pale dirishani." Donat akamrudishia kioo. "Na utawafunika?"

"Nitawafunika. Leo wako ziwani, Donat. Siwezi kukichora kitupu leo. Nimeshindwa."

Donat akakunja mikono ya shati. Akavaa glavu, akashika koleo, akafungua tanuri. Wakazipitisha moja moja, na kila moja ilipotoka ingali nyekundu wote wawili walibana pumzi wakisikiliza kama italia *tik*. Ya kwanza haikulia. Ya nne haikulia. Ya tisa ilitoa kamlio kadogo, Onésime akashika msalaba wa shingoni, kumbe ni kiti cha Donat. Walicheka mpaka Madame Imelda akagonga ukuta. Zote kumi na mbili zilitoka nzima. Kwa siku zilizofuata alizifunika kwa ubao, akapandisha matanga, na zikapita moto uliobaki mmoja baada ya mwingine bila ufa. Shingo ilimuuma, macho yalimwasha, lakini usingizi, hata ulipokuwa wa saa tatu, ulikuwa mtamu kupita kiasi.

Jumapili ya tarehe ishirini na moja alipiga simu Goma. Iliita mara nane. Alizihesabu.

"Allô?"

"Maman Noé! Mulifika?"

"Tulifika. Tuko kwa Philbert. Batoto bote beko bien, Agape tu alitapika ku njia."

Onésime aliegemea kile kibanda cha simu. "Mungu asifiwe. Siku ile ya le quinze, miye niliogopa mbaya sana."

"Le quinze? Le quinze tulibakia ku port."

"Mulibakia namna gani?"

"Mashua ilijaa! Batu, mabidon, mbuzi, hata pa kuweka muguu hapakuwa. Ule wa tiketi aliniambia, maman, na batoto bane, hapana, ngojea ya kesho. Donc tulipanda ya kesho."

"Ilijaa?"

"Ilijaa kabisa, minakuambia. Sasa unachekea nini? Onésime? Unachekea nini?"

Alikuwa amejikunja kwa kicheko, machozi yanamtoka, mwenye duka anamtazama. Merikebu kumi na mbili alizijaza watu, na watu wenyewe wakakosa nafasi!

"Nitakuelezea siku moja," alisema alipopata pumzi.

"Alors, kama uko na furaha hivi, mukataba ulishapata?"

Kicheko kikaisha. "Bado. Vendredi."

"Papa Noé," alisema Pétronille, na sauti yake ilishuka, "Mignonne anaulizaka kila siku kama ni kesho. Miye sijue tena nimujibu nini."

"Mwambie ni karibu."

Ijumaa ikafika. Madame Imelda alizipanga nyuso kumi na mbili kwenye kitambaa kilekile. Akatazama sitaha. Akatazama matanga, bahari, simba. Aligeuza kila uso kwenye mwanga wa dirisha. Saa nzima ilipita hivyo. Mwishowe akatoa kioo jichoni na kusema, "Sina cha kukataa," na kwa Madame Imelda hiyo ni sawa na mtu mwingine kupiga vigelegele.

Monsieur Lucien alitabasamu, jambo lililowashtua wote. Juu ya meza aliweka mafungu mawili ya karatasi. Moja lilikuwa mkataba, tayari umepigwa mhuri. Jingine lilikuwa hati za saa, kumi na mbili, ambazo mchoraji huziandika kwa mkono wake na kutia sahihi. Akamsomea maneno ya kuandika: "Nimefuata mchoro. Sikupunguza kitu, wala humu hamna kitu wala mtu niliyemwongeza." Hilo la mtu alikuwa amelitia mwenyewe, kwa mzaha, kwa ajili ya yule wa shati jekundu.

Onésime alishika kalamu. Nimefuata mchoro, akaandika, kwa herufi zake nzuri. Sikupunguza kitu. Kisha mkono ukasimama.

Donat, kwenye mlango wa tanuri, alimtolea macho: andika, mpumbavu wewe! Hakuna atakayejua hata baada ya miaka mia tatu! Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Pétronille yuko Goma salama, ziwa limeshavukwa, tarehe ya mwisho ni Jumatano, na mkataba uko umbali wa kiganja. Maneno machache tu. Lakini humu hamna mtu? Aandike kwa mkono wake kwamba hamna mtu, mara kumi na mbili, na atie sahihi? Miaka minne amekuwa akipeleka karatasi ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba watu hao wapo. Akaweka kalamu chini.

"Monsieur Lucien," alisema, "siwezi kuandika hivi. Wamo."

"Nani wamo?"

"Ndani ya merikebu. Chini ya ubao. Watu watano."

Tabasamu la Monsieur Lucien liliondoka. Alichukua kioo, akatazama uso wa kwanza, wa pili, wa tano. "Madame Imelda?"

"Mimi siwaoni," alisema Madame Imelda. "Kazi yangu ni kukataa ninachokiona."

"Mara ya pili, Onésime! Mara ya pili! Ni watu gani hao?"

"Mke wangu Pétronille. Noé, Dan, Agape, Mignonne. Walikuwa wanavuka maji wiki ile, Monsieur. Nisamehe. Nilishindwa kukichora kitupu."

"Una watoto wanne?"

"Wanne."

"Miezi sita uko hapa, na hukusema una watoto wanne?"

Angesemaje? Kwamba mtu anayeomba kazi hajitangazi na mzigo? Monsieur Lucien alirudisha kioo mezani polepole mno, akauchukua mkataba ule, akaingia nao ofisini kwake, akafunga mlango. Walimsikia akizungusha namba ya simu.

Zilipita dakika kumi. Donat alimwita mwendawazimu, kwa sauti ya chini, halafu akamletea maji. Onésime aliketi mikono juu ya magoti. Alikuwa ameshaona kila kitu: faili limefungwa, Jumapili simu, na Mignonne anauliza kama ni kesho. Na hata hivyo, niamini, kifua chake kilikuwa chepesi. Aliogopa, lakini hakujuta.

Mlango ukafunguliwa. Monsieur Lucien alikuwa bado na mkataba mkononi.

"Nimempigia mteja. Anayenunua ana haki ya kujua ananunua nini. Akauliza kama uso utapasuka. Nikamwambia umeshapita moto wote, haupasuki tena." Alikohoa. "Halafu akasema yeye ni mtu wa meli. Kwenye meli, abiria akiwa chini haonekani, lakini jina lake lazima liwe kwenye orodha. Anataka majina yao."

"Majina?"

"Kwenye hati. Zote kumi na mbili. Haya, acha maneno yangu, andika ya kwako."

Onésime alivuta hati mpya. Akaandika: abiria waliomo. Pétronille. Noé. Dan. Agape. Mignonne. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Tangu atoke Bukavu hakuwahi kuwaona wote watano pamoja kwenye karatasi ya Ubelgiji bila mtu kuuliza cheti cha kuzaliwa, bila kupanga foleni, bila kuambiwa arudi wiki ijayo. Kwenye ya saba herufi zilianza kupinda, herufi zile zisizopinda hata mkono ukiwa hewani. Monsieur Lucien aliona, akageukia dirisha, akaanza kutazama maghorofa ya Gare du Nord kwa bidii kubwa.

Donat alikuwa akisoma juu ya bega lake. "Na wewe je? Mbona hujajiandika?"

"Mimi nimeshafika," alisema Onésime. "Ni wao waliobaki."

Alimaliza ya kumi na mbili. Monsieur Lucien akamsogezea mkataba, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi, naye akatia. Akasema asante, Monsieur, akasema asante, Madame, akaomba ruhusa, akaenda chooni mwisho wa korido, akafunga mlango, akafungua bomba la maji ili wasimsikie, akalia kwa sauti. Walimsikia wote.